Vidole Viwili vya Dada Boram

Chik-chik-chik. Kule jikoni, gizani, kifuniko cha sufuria ya umeme ya kupikia wali kilianza kucheza, kwanza polepole kama mtu anayegonganisha meno kwa baridi, kisha kwa kasi, kisha mvuke ukatoka kwa pumzi moja ndefu. "Mvuke unatoka," ikasema ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ndani ya sufuria. "Tafadhali jihadhari."

Boram alikuwa macho tayari. Alikuwa ametoka katika ndoto ambayo mikono yake ilijibandua kwenye vifundo na kuruka, kama ndege wawili weupe, juu ya Mto Han unaokata jiji lao katikati. Watu walijazana madarajani, wameinua nyuso, wanaulizana hiyo mikono ni ya nani. Alitaka kusema ni yangu, lakini kinywa kilikuwa kimejaa theluji, na theluji ilikuwa tamu, akaona afadhali aimeze kwanza. Hapo ndipo sufuria ilipomwamsha.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Upande wa pili wa mfarishi, mumewe Taeyul alikoroma kidogo. Katikati yao alilala Garam, binti yao wa miaka mitano, nywele zimemtapakaa usoni, ngumi zote mbili amezikaza kifuani. Boram aliziona zile ngumi, asizitilie maanani. Watoto hulala kila namna. Akajitoa taratibu, akakanyaga sakafu yenye joto, akaenda mezani ambako karatasi nyeupe zilikuwa zikimngoja.

Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, Boram aliimba katika kundi la wasichana wanne waliovaa sketi za rangi moja. Kundi lilivunjika, akaolewa, akajifungua, na ilipofika hapo hakuna aliyemhitaji tena mwimbaji mwenye miaka thelathini. Basi kituo kimoja cha televisheni kikampa kipindi cha watoto cha asubuhi. Kwa miaka mitatu sasa watoto wa nchi nzima walimwita Dada Boram, na hata mabibi waliokutana naye kwenye lifti walimwita hivyo hivyo, halafu wakaona haya.

Jumatatu kipindi kilihusu mchele, toka shambani hadi bakulini. Aliwauliza watoto punje moja ni kubwa kiasi gani. Kisha akainua mkono wa kulia, akasogeza kidole gumba na cha shahada hadi vikakaribia kugusana, akasema, "Ni ndogo hivi." Ilichukua sekunde mbili. Akaendelea na wimbo.

Kufikia jioni mtu alikuwa amezigandisha zile sekunde mbili na kuzirusha mtandaoni. Miaka kadhaa nyuma, wanawake fulani waliitumia alama hiyo kuwacheka wanaume kwa jambo ambalo wanaume hawapendi kupimiwa. Tangu hapo wapo waliokuwa wakiiwinda kila mahali: kwenye tangazo la soseji, kwenye bango la kambi ya mapumziko, kwenye mkono wa katuni inayoshika ua. Sasa wameikuta kwa Dada Boram. Wakachimba zaidi, wakafukua mahojiano ya miaka kumi na miwili iliyopita, alipoulizwa siku akiolewa nani ataosha vyombo, naye akajibu, "Mwenye mikono miwili." Siku ile ukumbi mzima ulicheka. Leo ule mzaha ulikuwa ushahidi.

Na neno lilikuwa moja. Femi. Ni kipande tu cha neno ufeministi, limekatwa mkia ili liwe rahisi kurusha. Mwanamke wa kawaida akirushiwa aliona ametukanwa. Mwanamke wa kwenye televisheni akirushiwa alianza kufungasha vitu vyake.

Jana jioni alikuja meneja wake, Bi Noh, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyevua viatu mlangoni bila kuinama, akavipanga kwa ncha ya kidole cha mguu. Alitoa mkobani karatasi ishirini nyeupe, kalamu nyeusi, na maneno yaliyokwisha kuchapwa. Kazi ya Boram ilikuwa kuyanakili kwa mkono wake, kuyapiga picha na kuyaweka mtandaoni kabla ya saa tatu asubuhi. Saa nne kituo kingekaa kikao kuamua kama Dada Boram anabaki au anaondoka.

Hii desturi ya barua ya kuomba radhi kwa mkono ina kanuni zake, na Bi Noh alizijua zote. Karatasi isiwe na mistari. Isiwe na maua. Mwandiko usiwe mzuri mno, watasema umeandikiwa. Usiwe mbaya mno, watasema uliandika huku unacheka. Kosa moja lililokatwa kwa mstari linaruhusiwa, tena linapendeza, linaonyesha moyo ulitetemeka. Makosa mawili ni dharau.

"Mstari wa nne usiuguse," alisema, akiuwekea ukucha. Mstari wa nne ulisema: Mimi si femi, sijawahi kuwa, na sitakuwa.

"Hilo 'sitakuwa' ni la nini, dada?"

"La akiba."

Boram alicheka, kisha akamwangalia yule mwanamke aliyemtunza tangu akiwa msichana wa sketi fupi, aliyekuwa akimfichia viazi vitamu mkobani walipokatazwa kula. Akamuuliza polepole, na wewe je, dada, ni nini?

Bi Noh alikuwa anafunga vifungo vya koti. "Mimi nimeachika, nimelea watoto wawili, na yule kijana niliyemfundisha kazi ndiye bosi wangu," akasema. "Niulize nikistaafu."

Basi alfajiri hii Boram alikaa mezani, akawasha ile taa ndogo yenye umbo la mwezi ambayo Garam aliipenda. Nje ya dirisha la ghorofa ya tisa theluji ilikuwa inaanguka, na pale inapopita mbele ya tundu la kutolea hewa moto la jengo ilirudi juu tena, chembe kwa chembe, kana kwamba imebadili mawazo. Aliitazama hadi akahisi kuwa ni nyumba inayoshuka, polepole, pamoja na meza na wali na watu wake waliolala.

Aliandika karatasi ya kwanza yote. Alipofika mwisho akatia sahihi, na mkono wake, uliosaini picha za mashabiki maelfu kwa maelfu, ukachora wenyewe kimoyo kidogo mwishoni mwa jina. Barua ya majuto yenye kimoyo. Akaikunja.

Karatasi ya pili ilikwenda vizuri hadi mstari wa nne. Akaandika "Mimi si," na kalamu ikasimama. Akauangalia mkono wake chini ya ule mwezi wa plastiki, akaona kwamba ili kushika kalamu ametumia kidole gumba na cha shahada, na kati yao pana nafasi ndogo, ya kalamu tu. Akafikiri: hata kalamu ya kuombea radhi hushikwa vile vile. Akafikiri juu ya nchi nzima inayoamka saa hii: mtu anabana chumvi, mtu anatia uzi kwenye sindano, mzee anatoa kidonge kwenye karatasi yake ya fedha, daktari anafungua kope la mgonjwa. Aliwaona wote kwenye madirisha ya majengo ya ng'ambo, ingawa madirisha yalikuwa meusi, mikono yao inang'aa kidogo gizani kama samaki.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Alikuwa mama yake, muuza vitoweo wa sokoni Mangwon, ambaye saa hizo alikuwa ameshafungua kibanda. Nyuma ya sauti yake kisu kilikuwa kinakata figili.

"Umeshaandika?"

"Naandika, mama."

"Andika upesi. Wateja nimeshawaambia wote, mwanangu si wa hao."

"Hao ni akina nani, mama?"

Kisu kikaendelea kidogo, kisha kikanyamaza. "Si hao," mama akasema. "Hao wanaosema mwanamke asibebe kila kitu peke yake. Wanaosema sikukuu ya mababu wanaume nao waingie jikoni wakaange, siyo wakae sebuleni wangoje kuletewa." Akasita. Ilikuwa kana kwamba amesikia anachokisema kikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Wote wawili walikuwa wanalikumbuka jiko lile lile: mama amechuchumaa mbele ya kikaango tangu saa kumi usiku, moshi wa mafuta unamla macho, anageuza vipande vya samaki na kuapa kwamba mwakani watakaanga wenyewe. Aliapa hivyo miaka thelathini.

"Na wewe ulikuwa ukisema, mama."

"Nilisema jikoni," mama akajibu. "Jikoni si kwenye televisheni." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamwambia asisahau kula, akakata simu.

Taeyul aliamka nywele zimesimama upande mmoja. Aliona karatasi, akaona mstari ulioishia njiani, akajaza maji glasi mbili, akakaa. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache, na tangu Jumanne maneno hayo yalikuwa yamepungua zaidi. Sasa, katika mwanga ule mdogo, akamweleza. Kazini wamemtania wiki nzima. Jana mmoja alimuuliza mbele ya wote, "Eti Baba Garam, kwako unaruhusiwa kukojoa umesimama?" Wote wakacheka, naye akacheka nao. Akaenda ndani ya shimo la lifti, akakaa juu ya paa la lifti iliyokufa, akajiuliza alichokuwa anakicheka ni nini.

"Andika tu, Mama Garam," akasema. "Ni wino. Sisi humu ndani tunajuana."

"Na Garam atajuaje?"

"Ana miaka mitano. Hajui kusoma."

Hilo lilimtuliza. Ni kweli, hajui kusoma. Boram akachukua karatasi ya tatu.

Kulipoanza kupambazuka, anga likawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, Garam akatoka chumbani akiburuta blanketi. Wakaondoa karatasi, wakaandaa meza: wali, yai, kimchi, kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili, iliyosuuzwa kwa maji kwa ajili yake, na karatasi nyembamba za mwani wa kukaanga alizozipenda kuliko vyote. Kila asubuhi alikuwa na ufundi wake. Huuokota mwani kwa ncha za vidole viwili, kwa heshima kama mtu anayeokota bawa la kipepeo, akauweka juu ya wali, akaukunja.

Leo aliingiza ngumi nzima katika sahani. Mwani ukavunjika vipande vipande. Akajaribu tena kwa ngumi ya pili, vipande vikamnata kwenye mkono, naye akavilamba bila furaha.

"Mbona hivyo leo?" Boram akamuuliza.

Garam akatazama mlango, kama anahofia kuna mtu nyuma yake. Kisha akaeleza kwa mnong'ono. Kuna mtoto wa chekechea, Doha, aliyesema mjomba wake amesema vidole vya mama yake Garam ni vibaya, na mtu akivionyesha anafukuzwa. Na mwalimu hakukataa, alisema tu kila mtu aende kwenye kiti chake. Kwa hiyo yeye amevifungia vyake. Mchana anavifungia, na usiku akilala anavifungia pia, ili visitoke kwa bahati mbaya.

"Vile viwili vina aibu," akamalizia, akaficha ngumi chini ya meza.

Sufuria ya umeme ikasema, kwa ile sauti yake ya upole isiyomgombeza mtu, kwamba wali sasa unahifadhiwa ukiwa moto. Boram akawaza jambo la kipuuzi: huyu mwanamke wa kwenye sufuria huambia nchi nzima ijihadhari, kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni nini.

Akamwangalia mtoto wake. Hajui kusoma, walisema. Kumbe amekwisha kuisoma barua yote, na mstari wa nne ameuandika kwenye mikono yake mwenyewe.

Alimpangusa Garam vipande vya mwani, kidole kimoja kimoja, bila kumfungua ngumi kwa nguvu. Kisha akasogeza bakuli pembeni, akachukua karatasi ya nne, akaandika pale pale, kati ya kimchi na yai, bila kunakili popote.

*Jumatatu niliwaonyesha watoto ukubwa wa punje ya mchele. Punje ya mchele ni ndogo, kwa hiyo vidole vyangu vilikaribiana. Sikumcheka mtu yeyote. Mnauliza kama mimi ni femi. Kwa miaka kumi na mitano nimelijibu swali hili kwa kucheka. Nina binti wa miaka mitano. Nataka akikua aokote chochote anachokitaka, kwa vidole vyake vyote kumi. Kama hilo lina jina, na jina lake ndilo hilo, basi ndiyo. Pyo Boram.*

Mkono ukachora kimoyo. Akakiacha.

Aliinua simu akapiga picha, ikatoka na ukungu. Mara ya pili ikatoka nusu bakuli. Taeyul alikuwa ameisoma barua akiwa amesimama nyuma yake. Alisoma polepole, kama asomavyo maelekezo ya mashine asiyoijua, hadi mwisho, kisha akarudi juu. Akaichukua karatasi, akaiinua karibu na dirisha penye mwanga, akaishika kwa ukingo, akasema, "Piga."

Akapiga. Walipoitazama pamoja wakaviona. Kwenye kona ya chini ya kulia, vikiwa wazi kabisa, vilikuwemo vidole viwili vya mwanamume, gumba lenye kovu la waya na cha shahada chenye grisi kwenye ukucha, na kati yao ukingo mwembamba wa karatasi.

"Nikate hapo?" Boram akauliza. "Wakiviona watakujua. Kovu lako linajulikana kazini."

Taeyul aliutazama mkono wake mbele na nyuma, kana kwamba ameuazima. "Karatasi nitaishikaje vinginevyo?" akasema. "Acha."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika saba alipoituma. Baadaye, alipojaribu kukumbuka asubuhi ile, alikumbuka zaidi kimya chake, jinsi theluji ilivyoendelea kupanda na kushuka, na jinsi simu ilivyokuwa inawaka na kuzimika juu ya meza bila sauti, kama kimulimuli ndani ya chupa. Taeyul alivaa koti la kazi, akasimama mlangoni, akarudi, akaosha vyombo viwili, akaenda.

Saa nne na dakika ishirini Bi Noh alipiga. Aliongea kama mtu anayesoma orodha. Kituo kimemshukuru kwa miaka mitatu. Kuanzia kesho kipindi kitakuwa na dada mwingine, msichana wa miaka ishirini na mitatu, ameshaambiwa aweke mikono mifukoni. Mtandaoni wamegawanyika, wengine wanatukana, wengine wanalia, na wengi wanapima picha kwa rula wakibishana vidole vile ni vya nani na nafasi iliyopo ni ya milimita ngapi.

"Umeniharibia siku," akasema Bi Noh. "Na mwandiko ni mzuri mno. Nilikuonya." Kukawa na pumzi ndefu kwenye simu, sauti ya mtu anayevuta kiti na kukaa mahali pasipo na watu. "Nimeisoma mara tatu, mdogo wangu. Mara ya tatu nimeisoma kwa sauti, ndani ya gari."

Boram aliweka simu chini. Alingoja kuanguka, kama mtu anavyongoja katika ndoto, lakini sakafu ilikuwa pale pale, na ilikuwa na joto. Alikuwa hana kazi. Mumewe alikuwa njiani kwenda kwa watu wenye midomo. Mama yake, sokoni, labda alikuwa anaonyeshwa barua na wateja. Labda alikuwa anakata figili na kunyamaza. Boram alijua ataogopa, baadaye mchana, akianza kuwaza. Kwa sasa alihisi tu wepesi kwenye vifundo vya mikono, kama mtu ambaye ndege wake wamerudi.

Garam hakupelekwa chekechea siku ile. Alikuwa bado mezani, amepiga magoti juu ya kiti, wali wake umepoa. Alikuwa amemsikiliza mama yake akizungumza na Bi Noh, na alikuwa ameuangalia kwa muda mrefu mkono wa mama yake ulioshika simu.

Boram akaketi mbele yake. Hakumwambia afungue ngumi. Aliokota karatasi moja ya mwani kwa ncha za vidole viwili, akaiweka juu ya wali wa mtoto, akangoja.

Ngumi ya kulia ilitoka chini ya meza. Ikakaa juu ya kitambaa, imejifunga, kama konokono anayesikiliza kwanza. Kikatoka kidole gumba. Kikatoka cha shahada. Punje moja ya wali ilikuwa imeangukia pembeni mwa bakuli, na vile vidole viwili vikaifuata, vikaikosa, vikaifuata tena, vikaibana. Garam akaiinua hadi kwenye mwanga wa dirisha, ambako theluji ilikuwa inapanda, akafumba jicho moja.

"Punje ya mchele ni ndogo hivi."